Pogoa mwembe mara tu baada ya mavuno, chule ipungue

Mwembe uliofungamana ni nyumba ya chule, ugonjwa wa ukungu unaotia madoa meusi. Vimelea vyake hukaa kwenye vijiti vikavu na vikonyo vya maua ya msimu uliopita. Mvua ikinyesha, matone huvishusha hadi kwenye majani machanga, maua na maembe. Dawa nayo haifiki ndani ya mti wa namna hiyo, inaishia majani ya nje. Kwa hiyo msumeno utangulie, bomba la dawa lifuate.

Pogoa mara tu baada ya kuvuna, siku kavu. Ukichelewa hadi karibu na maua, utakata ncha zilizokomaa ambazo ndizo zingechanua.

Toa kwanza vilivyokufa, kisha matawi yanayosuguana, maotea na yanayogusa ardhi. Saa sita mchana simama chini ya mti: kama chini hakuna hata doa la jua, ondoa tawi moja au mawili makubwa ya katikati. Usizidishe robo ya majani kwa mwaka. Ukizidisha, jua huunguza gome, likapasuka na wadudu wakapata mlango. Shina lililobaki wazi lipake chokaa. Mti mrefu ushushe polepole kwa miaka miwili au mitatu, hadi meta 4 au 5.

Tawi nene lina mikato mitatu. Wa kwanza upige kutoka chini, sentimeta 30 toka shinani, hadi theluthi ya unene. Wa pili utoke juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, mbali zaidi na shina, ili tawi lianguke bila kuchuna gome la shina. Wa tatu uondoe kisiki, nje tu ya ule uvimbe tawi linapoungana na shina. Uvimbe usiuguse hata kidogo: ndio unaofunga kidonda. Kisiki kirefu nacho huoza.

Kila uhamapo mti, chovya msumeno kwenye jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 9. Ukimaliza suuza, paka mafuta, maana jiki hula chuma. Utomvu wa mwembe huunguza ngozi. Vaa glovu na mikono mirefu.

Pwani utakuta viota vya majimoto, wale chungu wanaoshona majani. Tawi lao likiwa zima liache, hata kama wanang'ata: wanamfukuza nzi wa matunda.

Vijiti vyenye ugonjwa choma siku hiyohiyo. Maembe yaliyoanguka mara nyingi yana funza wa nzi hao. Yafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki uuache juani, au yafukie nusu meta kwenda chini.