Chanjo za familia hatua kwa hatua, tangu kuzaliwa hadi uzeeni

Nachanja watoto kliniki hapa Tanzania, na ninaona wengi wanakosa kinga kwa sababu tarehe zimepita. Chukua kadi ya kliniki na simu yako, tupange.

Hatua ya 1: Akizaliwa
Hakikisha amechomwa BCG ya kifua kikuu bega la kulia na kupewa matone ya polio. Wiki kadhaa baadaye hutokea kipele begani, kinatumbuka, kinaacha kovu. Usikikamue, usikipake dawa wala majivu. Kiache kikauke chenyewe.

Hatua ya 2: Wiki 6, 10 na 14
Weka tarehe zote tatu kwenye simu leo hii. Kila mara anapata Penta (dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na Hib, bakteria wa nimonia na homa ya uti wa mgongo), PCV ya nimonia, na matone ya polio. Wiki ya 6 na ya 10 kuna Rota ya kuhara. Ya 14, sindano ya polio. Akichemka usiku huo, mnyonyeshe mara kwa mara na umpunguzie nguo. Mafua madogo yasikuzuie kuja. Na mama uliyechelewa, njoo tu: tunaendelea ulipoishia, hatuanzi upya.

Hatua ya 3: Miezi 9 na 18
Surua na rubela. Ya pili ndiyo inayosahaulika, maana mtoto ameshatembea na mama yuko kwenye shughuli zake. Dozi ya miezi 9 hukinga watoto kama 85 kati ya 100. Wako anaweza kuwa miongoni mwa wale 15, kwa hiyo mrudishe.

Hatua ya 4: Binti wa miaka 9 hadi 14
HPV, kinga ya saratani ya mlango wa kizazi. Tangu 2024 ni dozi moja. Asiyesoma shule naye aje kituoni.

Hatua ya 5: Mjamzito
Chanjo ya pepopunda humkinga pia mtoto atakayezaliwa. Kwa anayeanza ni dozi mbili, zipishane angalau wiki 4. Tunza kadi hadi mimba ijayo.

Hatua ya 6: Watu wazima na wazee
Homa ya ini B: pima kwanza, kisha dozi tatu, yaani leo, baada ya mwezi mmoja, na miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Msafiri anayehitaji chanjo ya homa ya manjano achanje angalau siku 10 kabla. Mzee mwenye kisukari, moyo au pumu, muulizie daktari chanjo za mafua makali na nimonia. Nenda naye, na ubebe dawa zote anazotumia.