Jinsi ya kuwasoma wafasiri wa Kiyahudi kuhusu mfalme, kama tunavyofanya barazani Ngamiani, Tanga

Kama umewahi kukaa darsa ya Ramadhani baada ya alasiri hapa Tanga basi njia unayo tayari. Aya inasomwa, sheikh anasimama, anasema neno hili lina kauli mbili, huyu kasema hivi na yule kasema vile, halafu ndo wanaendelea. Wafasiri wa Kiyahudi wa zama za kati nao wanasomwa hivyohivyo, ukiwaendea kama unasoma kitabu cha siasa unapotea, na mi nilipotea miezi kadhaa.

Anza na tatizo lililomo kwenye maandiko yenyewe, usimguse mfasiri kwanza. Fungua Kumbukumbu la Torati 17 kuanzia mstari wa 14: mkifika nchi ile mkataka mfalme kama mataifa mengine, mwekeni, ila asijizidishie farasi wala wake wala fedha na dhahabu, na awe na nakala yake ya torati aisome siku zote. Haya, nenda 1 Samweli 8, watu wanaomba mfalme kweli na Samweli anachukia, na Mungu anasema hawajakukataa wewe, wamenikataa mimi. Sasa kama torati ilishamruhusu mfalme, hasira ya nini? Swali hilo liandike juu kabisa ya daftari maana wote wanalijibu hilohilo.

Halafu shika neno lenyewe. Kiebrania kinasema som tasim, kitenzi kimerudiwa, kama kusema kuweka utamweka. Ni amri au ni ruhusa? Siku tuliyofika hapo mzee mmoja aliweka kikombe cha kahawa chini akauliza, mama yako akikwambia kesho utakwenda Muheza, hiyo ni habari au umetumwa? Tukanyamaza wote, kwa sababu Kiswahili chetu kina mtego uleule.

Ibn Ezra, mtu wa Hispania karne ya 12, anajibu kwa neno moja tu: ruhusa. Maimonides, mwanasheria mkubwa wa Kiyahudi aliyefariki Misri 1204, anasema ni amri, tena moja kati ya tatu walizopewa watu wakishaingia nchi, na kosa la wakati wa Samweli anasema lilikuwa namna walivyoomba, waliomba kwa kunung'unika na kumchoka nabii. (Angalia, yeye hapo anaandika kitabu cha sheria, sio tafsiri ya mstari kwa mstari, usichanganye.) Na ile orodha ya Samweli kwamba mfalme atachukua wana wenu na mashamba yenu, Talmudi, mkusanyiko wa mijadala ya marabi wa kale, kwenye sura ya Sanhedrini ukurasa wa 20b ina kauli mbili: rabi Shmuel (sio nabii Samweli) anasema hizo ni haki za mfalme, rabi Rav anasema nabii aliwatisha tu.

Kwa mfasiri Abravanel kaa sana, usikimbie. Alizaliwa Lisbon 1437, akashughulikia fedha za mfalme wa Ureno, 1483 akatuhumiwa njama akakimbilia Hispania, na huko ndiko alikoandika tafsiri ya Samweli, kisha 1492 Wayahudi wakafukuzwa na yeye akaondoka nao akaenda Napoli. Huyu amekula na wafalme. Anasema mfalme sio lazima kabisa, ruhusa ile ni kwa ajili ya udhaifu wa watu, kama ile ya kumwoa mateka mwanamke kwenye Kumbukumbu la Torati 21. Wanaosema mfalme ni lazima wanataka umoja, mwendelezo na mamlaka kamili, naye anajibu kwamba wengi wanaweza kukubaliana, viongozi wanaweza kupokezana kwa muda, na mamlaka yanaweza kubanwa na sheria, akaitaja Venice, Florence na Genoa, miji ya Italia isiyo na mfalme, kama ushahidi wa macho. Kwenye Kutoka 18 kwa Yethro mkwe wa Musa, wale wakuu wa maelfu na mamia, napo anarudi kwenye mfano wa Venice.

Ila msome mpaka mwisho jamani! Wengi wanakata hapo wanamfanya mwanamapinduzi, wakati kwenye Kumbukumbu la Torati 17 anasema pia kwamba watu wakishamweka mfalme hawana haki ya kumwasi hata akiwa mwovu. Hizo mbili zibebe pamoja, na usikubali mtu akusomee nusu.

Maisha ya mfasiri yaje baada ya maneno yake. Sisi tulianza na habari za Abravanel kukimbia na jioni nzima ikaishia kwenye habari za serikali, mstari hatukuufikia. Siku hizi mstari unasomwa mara mbili kwa sauti, kila mtu anasema anaona ugumu wapi, ndo tunafungua Sefaria, maktaba ya mtandaoni ya maandiko ya Kiyahudi, kwenye simu, ni bure na mengi yana Kiingereza, mmoja anafasiri kwa Kiswahili palepale. Kila kauli andika jina, karne na neno analolijibu.

Ukimaliza mfalme nenda Mwanzo 49:10, kwamba fimbo ya utawala haitaondoka kwa Yuda, kwa mfasiri Nachmanides wa Girona, Hispania. Anasema Wahasmoni, ukoo uliowatawala Wayahudi zamani, waliadhibiwa kwa sababu walikuwa makuhani wa Lawi wakajitwalia ufalme usio wao. Sisi hapo tumekaa wiki ya tatu sasa na bado hatujatoka.