SOMO: Kalsiamu inavyoiendesha seli, na inavyoiua

Wakuu habari zenu. Wiki hii nimeulizwa mara tatu inakuwaje kalsiamu hiyo hiyo inayokaza msuli na kupigisha moyo ndo hiyo hiyo inayoua seli, nikaona badala ya kujibu mmoja mmoja bora niandike somo kabisa. Kabla hatujaanza shika hili moja: ukikutana na kalsiamu popote kwenye seli uliza iko wapi, kiasi gani, na imekaa hapo muda gani.

HATUA YA 1: Anza na hesabu

Nje ya seli kalsiamu huru ni kama milimola 1.2 kwa lita, ndani kwenye sitoplazma ni kama nanomola 100, yaani nje iko juu mara elfu 10 na ushee. Kama namba hizo hazikuingii chukua seli yenye ujazo wa pikolita 1, humo ndani kuna ioni huru kama elfu 60 tu, lakini chota ujazo huo huo wa maji ya nje utakuta ioni zaidi ya milioni 700, alafu na umeme nao unazivuta ndani manake upande wa ndani wa utando ni hasi. Mlango ukifunguka hata milisekunde chache tu zinamiminika.

Kwanini seli ijipe kazi hiyo yote? Kwa sababu imejaa fosfati, na kalsiamu na fosfati zikikutana kwa wingi zinagandana kuwa chumvi ngumu, hiyo hiyo inayotengeneza mfupa. Faida yake ikawa kwamba ndani pakiwa kimya hata mnong'ono unasikika.

HATUA YA 2: Wajue wanaotoa

Wako watatu wa kuwakumbuka. PMCA ni pampu iliyoko kwenye utando wa nje wa seli, inatupa ioni 1 kwa kila ATP (molekuli ya nishati ya seli). Kibadilishaji cha sodiamu, NCX, kinaingiza sodiamu 3 na kutoa kalsiamu 1, hiki mkikumbuke nitakirudia kwenye maswali. Wa tatu SERCA, anapakia ioni 2 kwa kila ATP kwenye retikulamu ya endoplazma, tuiite ER, ambayo ndo ghala.

HATUA YA 3: Ghala linavyofunguliwa

Homoni inagusa kipokezi juu ya seli, ndani inazalishwa IP3, molekuli ndogo ya kupeleka ujumbe, IP3 inakwenda kufungua chaneli yake (mlango wa ioni) kwenye ER na kalsiamu inatoka. Kwenye msuli chaneli kubwa ni ile ya rayanodini. Ikishatoka inadakwa na protini kama kalmodulini, inayobeba ioni 4, na kazi inaendelea. Napita haraka hapa, utamu uko mbele.

HATUA YA 4: Mpakani

ER na mitokondria, vile viwanda vya ATP vya seli, hazikai mbalimbali, kuna sehemu zimebanana umbali wa nanomita 10 hadi 30 hivi. Sasa mlango wa kalsiamu kwenye mitokondria, MCU (molekuli yake ilitambuliwa 2011), ni mvivu sana, ukiupa nanomola 100 haushtuki. Lakini pale kwenye mdomo wa chaneli ya IP3 kiwango kinapanda ghafla hadi maikromola 10 na zaidi, ila ni hapo hapo tu, ukisogea kidogo kimeshashuka. Ndo maana umbali una maana kuliko wastani wa seli nzima, na mimi naona wanafunzi wengi wanakwama hapa, wanasoma wastani wakati mambo yote yanatokea kwenye upenyo.

Ikiingia kwa kiasi inaamsha vimeng'enya vya kuunguza chakula, mfano pairuveti dehidrojenesi, na ATP inaongezeka. Yaani ni mafuta ya injini kabla hata hatujaongelea kifo.

HATUA YA 5: Ikizidi

Ikiingia nyingi na ikakaa, hasa kukiwa na oksijeni kali za kuharibu, kwenye mitokondria linafunguka tundu linaloitwa PTP. Umeme wa utando unaanguka, maji yanaingia, mitokondria inavimba mpaka utando wake wa nje unapasuka na protini iitwayo saitokromu c inatoka. Huko kwenye sitoplazma inaungana na protini Apaf-1, wanaunda gurudumu la pande 7, gurudumu linaamsha kimeng'enya kaspasi 9, nayo inaamsha kaspasi 3, ambayo ndo mkata nyama, yaani inakatakata protini za seli. Na saitokromu c kidogo inarudi kwenye ER kushika chaneli ya IP3 izidi kumwaga kalsiamu, kwahiyo moto unajichochea wenyewe.

Ila msichore mshale mmoja tu. Mara nyingi kwenye apoptosisi (seli kujiua kwa utaratibu) utando wa nje wa mitokondria hutobolewa na protini Bax na Bak bila PTP kufunguka, na PTP ikifunguka mitokondria nyingi kwa pamoja ATP inakwisha na seli inapasuka kwa nekrosisi, kifo kisicho na utaratibu. Kufa kwa utaratibu nako kunahitaji nishati.

HATUA YA 6: Jionee mwenyewe

Pakia seli rangi ya fura-2, inayobadilisha mng'ao ikishika kalsiamu, imulike nanomita 340 na 380 kwa zamu, ugawe mwanga wa kwanza kwa wa pili. Weka thapsigajini inayozima SERCA. Mstari wa grafu unapanda taratibu, hiyo ni kalsiamu inayovuja kutoka ER. Mimi mara ya kwanza niliona unapanda alafu haushuki, nikafurahi kwamba ER ni kubwa ajabu, kumbe maji niliyotumia yalikuwa na kalsiamu na milango ya nje, Orai1, ilikuwa imefunguliwa na STIM1, protini ya ER inayopima ghala, baada ya ghala kuisha. Wiki nzima ya data nikaitupa. Tumia maji yasiyo na kalsiamu yenye EGTA (kemikali ya kunasa kalsiamu iliyobaki) kwanza, utaona kinundu kimoja kinashuka, ndipo urudishe kalsiamu.

MASWALI YA WADAU

Mdau: Kwahiyo nikimeza vidonge vya kalsiamu seli zangu zitakufa?

Hapana mkuu. Damu inalindwa na homoni ya parathairoidi na vitamini D, na hata ikipanda kidogo pampu za hatua ya 2 zipo kazini. Dozi kubwa za muda mrefu zina matatizo mengine, muulize daktari.

Mdau: Bcl-2, ile protini ya kuzuia kifo cha seli, inaingiaje hapo? Nilijua inazuia Bax tu.

Inafanya na hilo. Ila nyingine inakaa kwenye ER imeshika chaneli ya IP3, inapunguza kinachomwagwa kwenda mitokondria. Seli ya saratani yenye Bcl-2 nyingi inakuwa ngumu kufa kwa njia zote mbili.

Mdau: kwenye shambulio la moyo kwanini damu ikirudi seli zinakufa zaidi, si ndo zimeokolewa?

Swali zuri sana hili. Damu ikikosekana seli inakuwa na asidi, inatoa asidi kwa kuingiza sodiamu, sodiamu ikijaa NCX inageuka na kuanza kuingiza kalsiamu. Lakini asidi hiyo hiyo inalifunga tundu la PTP. Damu ikirudi asidi inaoshwa, oksijeni kali zinazaliwa, kalsiamu bado imejaa, tundu linafunguka. Dawa ya saiklosporini inalizuia maabara, ila jaribio kubwa kwa wagonjwa lililotoka 2015 halikuonyesha faida.

Mdau: Nimeweka BAPTA-AM, ile kemikali ya kunasa kalsiamu ndani ya seli, seli hazikufa. Nimethibitisha kalsiamu ndo muuaji?

Bado kaka. BAPTA imenyonya kalsiamu ya kila mahali, hujui ni ya wapi ilikuwa inaua. Zima MCU peke yake urudie, zikifa kama kawaida basi ilikuwa inapita njia nyingine, labda kalpaini, vimeng'enya vya kukata protini vinavyoamshwa na kalsiamu.