Mchezaji Anayevuruga Chumba cha Kubadilishia Nguo: Hatua za Kuchukua Kwenye Timu ya Hoki

Hakikisha kwanza kwamba huyo unayemshuku ni mvurugaji kweli. Katika NHL, ligi kubwa ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, wapo wakorofi wanaowachokoza wapinzani mechi nzima na wenzao wanawapenda. Wapo pia wapole wasiopandisha sauti, lakini wanaigawa timu.

Ushahidi mzuri uko kwenye saa. Zamu ya kawaida barafuni, kabla ya kumpisha mwenzako, ni kama sekunde 45. Anayeng'ang'ania hadi sekunde 90 anakula zamu ya mwenzake, tena miguu ikishaisha hawezi kurudi kukaba. Rudia video uhesabu. Kisha tazama pasi: je, kuna mtu asiyepewa hata akiwa peke yake? Hilo ni bovu kuliko kelele zote.

Mazungumzo ya kwanza ni ya nahodha, au wasaidizi wake wenye herufi A kifuani. Yafanyike faraghani, si mbele ya kikosi. Ataje tendo lenyewe: "Kipindi cha pili ulikaa sekunde 90, tukafungwa." Ukimwambia mtu hana moyo wa timu, mtabishana mpaka asubuhi.

Asiposikia, kocha apunguze dakika zake, kisha amwache jukwaani. Wanaovaa jezi siku ya mechi ni 20, makipa wawili wakiwemo, na anayeachwa bado analipwa, kwa hiyo kinachouma ni heshima. Mechi moja au mbili zinatosha. Ukizidisha, wenzake wataanza kumhurumia na kocha ndiye atakayeonekana mbaya. Na nyota naye akichelewa kikao, akae jukwaani vilevile.

Bifu la nyota wawili ni gumu zaidi, maana hakuna wa kuonewa kirahisi. Vancouver Canucks waliongoza kundi la Pasifiki msimu wa 2023-24 kwa pointi 109. Msimu uliofuata J.T. Miller na Elias Pettersson hawakuelewana, na Januari 2025 rais wa shughuli za hoki wa klabu, Jim Rutherford, akalizungumzia jambo hilo gazetini. Kuanzia hapo kila mnunuzi alijua muuzaji ana shida. Miller, mwenye pointi 103 (mabao na pasi za mabao) msimu uliotangulia, alipelekwa New York Rangers tarehe 31 Januari. Canucks walimaliza na pointi 90, nje ya mtoano. Majeruhi nao walichangia. Kama lazima uuze, funga mdomo mpaka karatasi zisainiwe.

Kabla ya kupiga simu yoyote, soma mkataba. Mwenye kipengele cha kutohamishwa lazima akubali mwenyewe, kama Miller alivyokubali. Unaweza kuendelea kulipa hadi asilimia 50 ya mshahara wake ili mnunuzi apate nafuu. Kuuvunja mkataba kwa kuununua ni ghali: kwa kawaida unalipa theluthi mbili ya mshahara uliobaki (theluthi moja akiwa chini ya miaka 26), malipo yakigawanywa kwa miaka mara mbili ya iliyosalia, na ukomo wa mishahara, yaani kiwango cha juu ambacho timu inaruhusiwa kulipa wachezaji wake, unaliwa muda wote huo.

Akishaondoka, badilisha mpangilio wa viti chumbani siku hiyohiyo. Waliokuwa upande wake bado wamekaa pamoja.