Somo: Kuandaa warsha ndogo ya kitenzi hapa Lubumbashi, hatua kwa hatua

Wandugu, somo hili ni la wale wanaotaka kukusanya watu kwa siku mbili, wakae na vitenzi vya lugha zetu, watoke na kitu cha kuandika. Wengi mmeniomba orodha ya mikutano mikubwa ya nje. Ipo. Mkutano wa dunia wa isimu ya Kiafrika ulianzia Swaziland mwaka 1994 na hurudi kila baada ya miaka mitatu. Ule wa lugha za Kibantu ulifanyika Paris 2013, Helsinki 2016, Cape Town 2018. Ni vizuri kuijua. Lakini ukifika kule na data ambayo haijabishaniwa nyumbani, utasoma karatasi yako, utaulizwa swali moja au mawili, na muda umeisha. Kazi yenyewe hufanyika kabla, kwenye chumba kidogo chenye ubao, mbele ya wasemaji wanaothubutu kukukatalia sentensi.

Na hapa hatuanzi sifuri. Mwanaisimu Edgar Polomé alifundisha katika mji huu mwishoni mwa miaka ya 1950, ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville, na mwaka 1968 alichapisha makala juu ya Kiswahili cha Lubumbashi. Walter Schicho naye akaja kuandika juu ya sintaksia (mpangilio wa sentensi) ya Kiswahili hichohicho. Kiswahili chetu kimechambuliwa kwa Kiingereza na kwa Kijerumani. Nataka kichambuliwe pia na wanaokisema, kwa Kiswahili chenyewe.

Hatua ya kwanza: swali moja, liwe dogo

"Sarufi ya lugha za Katanga" ni kazi ya maisha, haiwezi kuwa mada ya warsha. Tafuteni kitu ambacho watu wanaweza kukimaliza, au angalau kukichosha, kwa siku mbili.

Mimi ningeanza na -ka yetu ya mwisho wa kitenzi: *banakulaka bukari* (huwa wanakula ugali), *tunaendaka Likasi* (huwa tunaenda Likasi). Watoto wa Katuba na wa Kenya, mitaa ya mji wetu, wanaisema tangu wanaanza kusema, lakini shuleni inafutwa kwa kalamu nyekundu. Anayesema huo ni uharibifu wa Kiswahili hajatazama majirani. Tanzania bara utasikia *anakulaga*. Kinyarwanda kina -aga. Na mwanaisimu A. E. Meeussen, alipounda upya sarufi ya Kibantu cha kale mwaka 1967, aliweka mahali hapohapo, kabla ya irabu ya mwisho, kiambishi cha sura ya -ag-.

Sasa, msiulize "-ka ina maana gani?" Kila mtu atajibu "mazoea", na mtakwenda kunywa chai. Ulizeni: je, -ka inakaa sawasawa na kila aina ya kitenzi? Hapo ndipo maana ya kitenzi inapoingia. Mwanafalsafa Zeno Vendler, mwaka 1957, aligawanya vitenzi katika makundi manne: hali (kujua, kupenda), shughuli isiyo na kikomo (kukimbia, kucheza), tendo lenye kikomo (kujenga nyumba, kuandika barua), na tukio la mara moja (kufika, kufa). Pitisheni -ka katika kila kundi. *Banachezaka* haina shida. Lakini *anakufaka*? Mtu mmoja hafi mara nyingi, kwa hiyo mazoea yatakaa wapi? Badilisheni kiima kiwe kuku wengi, *kuku banakufaka wakati wa baridi*, muone wasemaji watasemaje. Na *anajuaka*? Kujua ni hali inayodumu tayari. -Ka inaongeza nini juu yake? Siku ya kwanza yote inaweza kuishia hapo, na itakuwa siku nzuri.

Hatua ya pili: nani aalikwe

Watu kumi na watano hadi ishirini wanatosha. Kati yao, wasemaji wasiosomea isimu wasipungue watano: mama wa sokoni, dereva, fundi, mzee aliyekulia Kamalondo, kijana wa Ruashi. Wapewe viti mezani, si pembeni kama mashahidi wanaosubiri kuitwa. Na walipwe kwa muda wao, kwa sababu anayefunga meza yake ya biashara ili aje kukusaidia anapoteza siku. Katika bajeti, hilo liandikwe kwanza, kabla ya chakula na kabla ya fotokopi.

Hatua ya tatu: wito na ikisiri

Tangazeni mapema, miezi minne au mitano kabla. Ikisiri, yaani muhtasari wa kile mtu atakachowasilisha, iwe ukurasa mmoja, mifano ndani yake, bila jina la mwandishi, na isomwe na watu wawili. Mimi hukataa ikisiri isiyo na mfano hata mmoja wa lugha. Mtu akiandika ukurasa mzima juu ya "mtazamo wa kinadharia" bila kitenzi hata kimoja, arudishiwe kwa heshima, aombwe sentensi tatu.

Hatua ya nne: tarehe na chumba

Msiweke warsha kati ya mwezi wa kumi na moja na wa nne. Mvua ikipiga mabati, hamna rekodi. Toni (kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana) ya Kibemba au ya Kiluba haisikiki chini ya kelele ile, na kitenzi kisicho na toni iliyosikika vizuri ni nusu ya kitenzi. Mwezi wa sita au wa saba ni baridi asubuhi, lakini ni kimya. Tafuteni chumba chenye dari au mapazia, mbali na barabara na mbali na jenereta. Rekoda zichajiwe usiku wa kuamkia, na mifano yote iwe kwenye karatasi, ili kurant (umeme) ikikatika mazungumzo yaendelee kwenye ubao.

Hatua ya tano: karatasi ya mifano

Hapa naomba mkae kidogo, kwa sababu ndipo warsha nyingi hulegea. Kila mfano uwe na mistari mitatu, kama zinavyotaka kanuni za Leipzig, ambazo wanaisimu huzifuata kuandika mifano: sentensi ilivyosemwa na kukatwa kimofimu (kila kipande chenye maana peke yake), kazi ya kila kipande chini yake, kisha maana nzima.

*ba-na-kul-ak-a bukari*
wao-sasa-kula-mazoea-irabu bukari
"Huwa wanakula bukari."

Inaonekana rahisi. Lakini tazameni nilipokata. Mzizi wa kula ni -l-, na ile ku- kwa kawaida huanguka kitenzi kinapopata kauli: *analiwa*, *analisha*. Mbona mbele ya -ka imebaki? Mmoja atakata *ku-l-ak-a*, mwingine *kul-ak-a*, wa tatu *kula-ka*, kana kwamba -ka imebandikwa nyuma ya neno lililokwisha kukamilika. Mikato hiyo mitatu ni madai matatu tofauti juu ya sarufi yetu. Kuyapima, leteni vitenzi visivyoishia na -a: kurudi, kufikiri, kusamehe. Waombeni wasemaji wavitie -ka bila kuwaonyesha njia, na mwandike mnachosikia, hata kama watu wawili waliokaa bega kwa bega wametofautiana. Mkitaka, mjadala huo wa dakika kumi na tano unaweza kuwa makala nzima.

Hatua ya sita: kikao cha data

Kamwe msimuulize msemaji "je, hii inasemwa?" Atajibu kwa adabu, au atajibu kama mwalimu wake wa zamani. Mpeni mazingira kwanza.

Chukueni *beko banakula bukari* (yaani "wako wanakula bukari") na *banakulaka bukari*. Mazingira ya kwanza: umefika kwa jirani saa sita mchana, umewakuta mikono iko kwenye sahani, na mtu anakupigia simu kuuliza wanafanya nini. Ya pili: mgeni anataka kujua nyumba ile imezoea chakula gani, na leo hakuna aliyewasha moto. Someni sentensi ileile katika mazingira yote mawili, kisha ulizeni kama inafaa *hapa*. Kwenye ubao chora safu tatu: inafaa, haifai, na "inasemwa lakini si hapa". Safu ya tatu ndiyo yenye utajiri, kwa kuwa inamwonyesha mchunguzi kwamba sentensi ni nzima kisarufi na shida iko kwenye maana.

Kwa makundi ya Vendler, achaneni na kipimo cha vitabu vya Kifaransa cha *pendant* (kwa muda wa saa fulani) dhidi ya *en* (kumaliza ndani ya saa fulani). Kwetu "kwa saa mbili" inaweza kubeba yote mawili, mtachanganyikiwa. Tumieni cha kukatizwa. Mtu alikuwa anakimbia, akasimamishwa katikati: je, alikimbia? Msemaji atasema ndiyo bila kufikiri. Alikuwa anajenga nyumba, akasimamishwa katikati: je, alijenga nyumba? Atasita, kisha atasema alianza tu. Kipimo hicho kinafanya kazi katika lugha yoyote iliyomo chumbani.

Msemaji akianza kueleza *kwa nini* sentensi haifai, sikilizeni na kuandika, lakini maelezo yake yakae daftari lingine. Hukumu yake juu ya sentensi ni data. Nadharia yake ni nadharia, kama yako.

Hatua ya saba: baada ya hapo

Nakili rekodi sehemu mbili siku ileile. Andika nani alisema nini, kwa idhini yake, na uulize kama anataka jina lake litajwe. ELAN kwa kunakili na Praat kwa toni ni programu za bure. Ndani ya mwezi, tumeni muhtasari kwa wote waliokuja, wasemaji wakiwemo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu wa sekondari, Likasi:* Mwalimu, mimi sina diploma ya isimu, nafundisha Kifaransa. Nitakaribishwa kweli, au nitakuwa wa kujaza viti?

Karibu sana, ndugu. Una kitu ambacho sisi wengi hatuna: madaftari ya watoto. Kabla hujasahihisha, nakili sentensi zenye -ka na uandike pembeni mtoto anasema lugha gani nyumbani. Ukileta ishirini za namna hiyo, tayari una wasilisho.

*Mwanafunzi, Kasapa (chuo kikuu chetu):* Yaya, msimamizi wangu anataka ikisiri kwa Kifaransa, warsha inataka Kiswahili. Istilahi nitazitoa wapi?

Andika zote mbili, mdogo wangu. Istilahi zipo na zimezoeleka: kiima, kitenzi, kiambishi, mofimu, njeo, kauli ya kutendea, ya kutendesha, ya kutendwa. Pale ambapo hakuna neno lililokubalika, eleza kwa sentensi nzima mara ya kwanza, kisha endelea. Usibuni neno jipya ndani ya ikisiri. Wasomaji watahangaika nalo badala ya kusoma hoja yako.

*Mwanachama, Kasumbalesa:* Mimi ni Mubemba. Naweza kuleta Kibemba hata kama mada ni Kiswahili? Na toni ni lazima?

Leta, na toni ni lazima. Ningefurahi ukilinganisha kauli ya kutendea. Kwa Kiswahili, *mama alipikia watoto bukari* inatoa *watoto walipikiwa bukari*, lakini *bukari ilipikiwa watoto* haikubaliki. Lugha za Kibantu zimegawanyika hapo. Joan Bresnan na Lioba Moshi walionyesha mwaka 1990 kwamba Kichaga kinaruhusu yambwa (kitendwa au mtendewa) yoyote kati ya hizo mbili kuwa kiima, na Kichewa hakiruhusu. Jaribu kwa Kibemba na kitenzi cha kupika, kisha cha kutuma, kisha cha kukata kwa kisu. Usifikiri vitatu vitajibu sawa.

*Mwanachama, Bukavu:* Wasemaji wawili wakipingana moja kwa moja, tunamwamini nani? Kwetu ilitokea, tukapiga kura.

Kura hapana, tafadhali. Mkipiga kura mnafuta data. Andikeni hukumu zote mbili, halafu muulize kila mmoja amekulia wapi, wazazi walisema lugha gani, alihamia mjini akiwa na umri gani. Bukavu mna wasemaji wa Mashi, ambayo nayo ina kiambishi cha -ag-. Mtu aliyekua nacho nyumbani huenda akasikia -ka tofauti na aliyezaliwa na Kiswahili peke yake. Wapeni pia mazingira mapya, kila mmoja peke yake. Mara nyingi mpingano unatoka kwenye picha mbili tofauti walizokuwa nazo kichwani.

*Mwanachama, Kolwezi:* Washiriki watalipwa nauli?

Wasemaji ndiyo, nauli na siku. Wanaowasilisha, chakula cha mchana tu, isipokuwa wanafunzi wanaotoka nje ya mji: hao wawekewe mahali pa kulala kwa wenyeji.

*Mwanafunzi, Kasapa (tena):* Na tukimaliza, hiyo kazi ya -ka tuipeleke kwenye mkutano gani?

Ule wa lugha za Kibantu ndio unaofaa zaidi, kwa sababu wasomaji wa ikisiri watakuwa na -ag- ya lugha zao akilini. Anza ikisiri na *kurudi*, *kufikiri* na *kusamehe*, na uwaonyeshe mikato mitatu ya *kulaka* kabla ya kusema upi unautetea.