Kabla hujalipia lenzi ya bei kwenye operesheni ya mtoto wa jicho

Jamani, kabla hujakubali lenzi ya bei, ile ya bandia wanayokuwekea ndani ya jicho, mwambie daktari maisha yako yalivyo, unaendesha usiku? unashona? unashinda kwenye simu? Lenzi ya kawaida mara nyingi inakupa mbali vizuri ila meseji ya M-Pesa utaisomea miwani. Maltifokali, lenzi ya bei, inakupa mbali na karibu, wengi wanaifurahia kweli, lakini usiku taa ya bodaboda inakuja imezungukwa na duara la mwanga na kuzoea kunaweza kuchukua miezi, kwa hiyo dereva wa usiku afikirie sana. Kama una presha ya macho au kisukari kimeshagusa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha), mi nakwambia achana na maltifokali, itakufifishia zaidi. Una astigmatizimu, yaani kioo cha mbele cha jicho hakijapinda sawasawa? Ulizia toriki, lenzi inayorekebisha hilo. Macho makavu yatibiwe kwanza, vipimo visije vikadanganya. Baadaye ukiona ukungu umerudi usiogope, mara nyingi ni utando wa nyuma ya lenzi, unafunguliwa na leza dakika chache tu, ila kama lenzi yenyewe hujaipenda na unawaza kuibadilisha sema kabla ya leza, maana ikishapigwa kuitoa ni kazi ngumu zaidi.