Kutafuta mkataba wa uchambuzi wa biashara soko likipoa

Soko likipoa, miradi mipya ndiyo husimamishwa kwanza. Isiyosimama kirahisi ni ile ya lazima: kutii kanuni mpya, kuhama kutoka mfumo usiotengenezwa tena, kupunguza gharama. Elekeza wasifu wako huko. Badala ya "nilikusanya mahitaji", andika ulichokabidhi: ramani za michakato kwa BPMN (alama sanifu za kuchora hatua za kazi), hadithi za watumiaji (maelezo mafupi ya anachohitaji mtumiaji wa mfumo) pamoja na vigezo vya kukubaliwa, mpango wa majaribio kabla ya mfumo kuzinduliwa. Taja na sekta, maana anayeajiri kwa miezi 3 hana muda wa kumfundisha mtu jinsi bima inavyokwenda.

Kabla ya kukimbilia matangazo, waandikie mameneja wa miradi uliowahi kufanya nao kazi. Mistari minne inatosha: unapatikana lini, kwa kazi gani, kwa muda gani.

Kwa mawakala wa ajira, hadhari kubwa ni hii: usikubali wasifu wako upelekwe popote kabla hujatajiwa jina la mteja. Mawakala wawili wakikuwasilisha kwa mteja mmoja, mara nyingi jina lako huondolewa kabisa, kwa kuwa mteja hataki ugomvi wa kamisheni. Weka jedwali: mteja, wakala, tarehe, kiwango cha malipo ulichotaja.

Ukilazimika kushusha malipo ya siku, shusha kwa mkataba mfupi wenye tarehe ya kuyapitia upya. Na uliza ankara hulipwa baada ya siku ngapi. 60 badala ya 30 ni mwezi mzima zaidi wa kuishi kwa akiba.